Soko la Mlango Mmoja

Soko jipya la mtaa lilikuwa zuri, hakuna aliyebisha. Saruji chini, mabati juu, meza za matofali, na ukuta mrefu wa kuzuia wezi. Mlango ulikuwa mmoja, wa chuma, mpana wa kupitisha gari la mihogo. Lakini akina mama walibaki nje kando ya barabara, wakimeza vumbi la pikipiki na kuchomwa na jua la Kisangani, kana kwamba ndani hakujajengwa kitu.

Mama Claudine alikuwa mmoja wao. Aliuza lituma, ile ndizi inayochemshwa na kupondwa, pamoja na samaki wa moshi kutoka Yanonge. Wakubwa wa mji walikuwa wametangaza kwamba mwisho wa mwezi hakuna atakayeuza tena barabarani, na asiyekuwa ndani meza yake atapewa mwingine. Lituma ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake. Umri wa kujifunza kazi nyingine ulikuwa umempita.

Alikuwa amejaribu. Asubuhi moja aliingia na sufuria kichwani, akafika katikati, akageuka kuutazama mlango. Ulikuwa mbali, na watu walikuwa wakiingia. Mikono ikafa ganzi, kifua kikabana, akajikuta tena barabarani bila kujua alivyotoka. Mama Kadidja, jirani yake, mtu wa Maniema aliyeuza mchele na maharagwe, alimpokea sufuria na kumsogezea kiti chake mwenyewe.

"Ni muguu," Claudine alisema. "Inaniuma nikitembea juu ya saruji."

"Saruji iko mubaya kwa muguu," Kadidja akaitikia. "Na miye, kule ndani wateja hawanioni."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mama alikuwa na sababu yake, na kila mmoja alisikiliza ya mwenzake kwa heshima, bila kuichimba.

Papa Zacharie, mkuu wa soko, aliwalalamikia kutwa kwamba wana vichwa vigumu. Lakini kila alfajiri aliifagia meza ya Claudine, na mtu akiiomba alimjibu, "Hiyo iko na mwenyewe. Amechelewa kidogo tu." Claudine alilijua hilo, na lilimtia aibu kuliko matusi.

Basi akaja Joëlle, binti aliyesomea kupanga miji, ametumwa kuuliza kwa nini soko ni tupu. Mara ya kwanza aliitisha mkutano na kuwagawia soda. Wote wakasema soko ni zuri, wataingia kesho. Nani atamwambia mgeni hapana, soda yake ikiwa mkononi? Kesho ikafika, hakuingia mtu.

Mara ya pili alikuja bila karatasi. Akanunua lituma, akala kwa mkono kando ya barabara mpaka akamaliza, akanawa.

"Bon, bamama," alisema, "leo siulizi kitu. Kila mutu achukue kiti yake, aiweke ndani pale roho yake itatulia. Papa Zacharie ameweka jiwe kwa mulango, haitafungika. Asiyetaka kuingia aniambie tu, nitamuwekea miye."

Wakaingia, wakisukumana na kutaniana kama wasichana wa komunyo. Walipotulia, soko zima lilikuwa tupu, na viti vyote vimerundikana mlangoni. Kiti cha Claudine kilikuwa na miguu miwili ndani na miwili nje, na mbele yake, katikati ya njia, aliketi mama aliyeuza pondu, yale majani ya mihogo.

"Mama wa pondu," Papa Zacharie alisema, "hapo umekaa ni njia ya gari. Unataka tukupakie pamoja na mihogo?"

"Gari itazunguka, tonton."

"Itazungukia wapi, kwa mutoni?"

Wakacheka. Joëlle naye akaketi chini, hapohapo katikati yao, akatazama kule walikotazama.

"Sisi wote tunaangalia mulango," alisema taratibu.

Claudine akazungumza, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Wakati wa vita ya siku sita, hapa Kisangani, tulijificha kwa depo ya kahawa. Mulango ilikuwa moja. Bomu ilipoanguka karibu, watu wote wakaikimbilia. Nilikuwa nimeshika mudogo wangu mukono, Léon. Miye nilitoka. Yeye hakutoka."

Kadidja aliweka kiganja mgongoni kwa Claudine, akakiacha hapo.

"Miye ilikuwa kwa shule," akasema. "Yenye ukuta kama hii. Na siku zote ninakuambia wateja hawanioni."

"Na miye ninakuambia muguu."

"Nilizani niko peke yangu."

"Hata miye."

Wakacheka tena, kicheko chembamba, macho yamelowa. Mama wa pondu alifuta yake kwa ncha ya kitenge, akampa jirani ncha nyingine.

Joëlle akauliza, "Donc, mulango ya pili iwe wapi?"

Hapo hawakuhitaji soda. Mmoja akaonyesha upande wa mto, wakamzomea: mvua ikinyesha maji hujaa pale. Kadidja akachagua nyuma, kwenye kijia kinachotokea kwa waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, na wote wakakubali. Papa Zacharie akakuna kichwa.

"Milango mbili, wezi mara mbili."

Wakamtazama.

"Bon," akasema. "Nitakaa kwa ile ya pili miye mwenyewe. Nimezeeka, kukaa ninajua."

Joëlle hakuwaahidi kitu. Alikwenda kubishana na wakubwa, akarudi, akaenda tena. Mwishowe wakasogeza tarehe mpaka ukuta ufunguliwe. Fundi Trésor alipokuja na nyundo yake, aliwaendea akina mama kwanza. "Mama zangu, sasa nitapiga," alisema, na kabla ya kila pigo zito aliita tena, ili kelele isimkute mtu ghafla. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

Siku ya kuingia, Claudine aliweka sufuria juu ya meza yake. Kulia aliona barabara, kushoto aliona kijia. Wateja wakaanza kujaa, na kifua kikaanza kubana kama zamani. Akamwomba Kadidja amwangalizie sufuria. Akatoka kwa mlango wa nyuma, mbele ya Papa Zacharie, ambaye alijifanya anatazama ndege. Akasimama kidogo kwenye kijia, akavuta pumzi, akarudi ndani.

Mteja mmoja alikuwa amesimama na sahani yake.

"Mama, nilizani umefunga."

"Nilienda kuangalia kama mulango inatumika."

"Inatumika?"

"Inatumika," Claudine akasema, akafunua sufuria na kumpakulia.