Khanga ya Milioni Moja na Moja

Kamati ya wanawake ilipompa Hajra kazi ya kutafuta sare ya khanga kwa shughuli ya kumuaga Mwalimu Bwanausi anayestaafu, alicheka mpaka akatokwa na machozi. Yeye, muuza khanga wa Bagamoyo, ampambie mtu yule sherehe! Wallahi, hawakujua wamempa nani kazi.

Hajra alikuwa na donge naye tangu darasa la saba, miaka thelathini na minane sasa. Siku moja Mwalimu aliandika ubaoni 1,000,001, akasema hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hajra akaenda nyumbani akaigawa. Kwa tatu wapi, kwa saba wapi. Akapanda nayo hivyohivyo wiki nzima mpaka akafika 101. Ikakubali, haikubaki hata moja! Akapeleka daftari mbele ya darasa: 101 mara 9901. Lo, alijitakia! Mwalimu alilichana daftari akamcharaza viboko kumi. Kesho yake akamfuata baba yake, mzee Rehani, akamwambia binti huyu jeuri, kumsomesha ni kujisumbua bure. Baba akasadiki. Hajra hakuufanya mtihani, naye alitaka kuwa mwalimu wa hesabu kuliko alivyotaka kuolewa.

Basi akaagiza doti sitini, na jina la khanga akalitunga mwenyewe: MILIONI MOJA NA MOJA NI 101 MARA 9901. Wenzake walilisoma wakafurahi. Mwalimu wa hesabu kapewa hesabu, walisema, imependeza kwelikweli.

Wanawake sitini wakaingia ukumbini wakicheza, jina viunoni. Mwalimu, kwenye kiti chake cha mapambo, alisoma la kwanza akitabasamu. La pili akakunja uso. Alipogeuka akamkuta mkewe, Bi Sabiha, kajifunga lilelile, jasho likamtoka. Hajra alisimama pembeni, moyo wake burudani.

Mwalimu akaomba kipaza sauti.

"Hesabu hii ni ya Hajra," alisema. "Ni sahihi, nami nilijua. Niliizidisha jioni ileile niliyomchapa. Niliona haya kurudi darasani kusema nimekosea, ndipo asubuhi nikaenda kwa baba yake. Hajra, mwanangu, nisamehe mbele ya watu hawa."

Miaka yote ile Hajra alidhani amedhulumiwa na mtu asiyejua. Kumbe alijua! Alijua, akavaa viatu, akaenda kumfukuzisha shule! Hasira ilimpanda.

"Msamehe, dada," Bi Sabiha alimsihi. "Keshakiri, na ni mzee huyu."

Hajra alimwendea Mwalimu mpaka mbele ya kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Sitakusamehe, ng'o. Ubwabwa umeiva, wakaribishe wageni wako, wale."