Damu Aliyoikatalia Kondo

Kitanda kilikuwa kimeshaiacha Temeke nyuma, wanaume wanne wamekibeba mabegani, Chausiku juu yake, kanga zimelowa damu. Mimba ilikuwa imeharibika tangu alfajiri na damu haikati. Mumewe, Mfaume, alishika upande wa kichwani pamoja na Kondo. Hao wawili walichanjiana ujanani: kila mmoja alilamba damu ya mwenziwe, wakawa ndugu. Enzi hizo za Mwingereza jambo hilo lilikuwa bado lina uzito wake.

"Mfaume, tembea bwana! Au unangoja nikubebe na wewe?" Kondo alimchokoza, jasho likimtiririka. Mfaume akajisemea moyoni, huyu ndiye ndugu.

Kwenye hospitali ya serikali mjini, dresa Gaudens, msaidizi wa daktari, mtu wa Bukoba, akawatoboa wote vidole, akaenda kupima. Akarudi mbio.

"Mama huyu asipoongezwa damu sasa hivi, jioni haioni. Ya mumewe haipatani na yake. Ya huyu bwana inafaa." Akamwonyesha Kondo.

Mfaume akacheka kwa furaha. "Haya, ndugu yangu, kaa utoe mkono."

Kondo hakukaa. "Mie sitoi."

"Unaogopa sindano? Wewe uliyejichanja kwa kisu butu huku unacheka?"

"Siogopi. Nikimpa damu yangu, Chausiku anakuwa dada yangu."

"Sasa ubaya uko wapi?"

Kondo akatazama mlangoni. Mfaume akautafuta ubaya mwenyewe, akauona: dada haolewi.

"Yaani bora afe," akasema polepole, "kuliko wewe umkose?"

Kondo akatoka bila kuaga.

Gaudens akakunja mkono wa shati lake. "Yangu nayo inafaa. Nilikuwa nawapisha ndugu kwanza."

Chupa ikajaa, ikatundikwa, ikaanza kushuka tone kwa tone.

Chausiku alipopata nguvu ya kusema, Mfaume alimweleza yote, ili wamlaani Kondo pamoja. Chausiku akauliza kitu kimoja tu.

"Alikataa kabisa?"

"Kabisa."

Akajigeuza ukutani. Lakini Mfaume alishaliona tabasamu.

Chausiku alipona. Alidai talaka, akapewa, akakaa eda, Kondo akamwoa. Walihamia Tabata wakalima mihogo, wakazaa watoto watatu. Gaudens alihamishiwa Lindi. Mfaume aliuza nyumba, akaenda Tanga kukata mkonge, hakuoa tena. Alizikwa hukohuko na watu wa kambini.