Nilimwambia Mama Ijumaa

Mimi mwaka huu nilitaka kufika kileleni, basi. Mwaka jana nilikomea chini ya mwamba wa mwisho kwa sababu Yemma, mama yangu, alikuwa akikaa kupumzika kila baada ya hatua kumi. Wenzetu walipanda wakazuru kwa walii wetu Lalla Khedija kule juu, wakateremka, wakanikuta bado nimemshika mkono. Nilinuna wiki nzima.

Kwa hiyo Jumatatu, tulipokaa uani na dada yangu Juher kupanga safari, nilikuwa nimeshaamua. Wanawake kumi na wanne, gari la Mohand, Alhamisi asubuhi. Kila mtu na kuskusi yake, mayai ya kuchemsha, tini, na maji ya kutosha maana huko juu hupati hata tone.

"Na Yemma?" Juher akauliza.

"Mwambie ni Ijumaa."

"Wnissa, wewe huna haya."

"Haya ninayo. Yeye ndiye asiye na miguu."

Alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Akakataa katakata kumwambia. Nikamwambia mwenyewe, tena nikiwa nachambua dengu ili nisimtazame usoni.

"Ijumaa," Yemma akasema. "Vizuri, nimepata siku za kutosha za mazoezi."

Mazoezi gani tena? Jumanne nikamwona na fimbo yake, anapanda kijinjia cha makaburini, anashuka, anapanda tena. Jirani akamtania kwa jina lake, akitanguliza "Na" ya heshima kwa wanawake wazima, "Na Faroja, umepata mchumba?"

"Namtafutia binti yangu. Nikifika kule juu nitamwombea. Akishaolewa yeye, nitajifikiria na mimi."

Binti mwenyewe ndiye mimi. Nilijiona mwizi. Juher aliniambia nikaseme ukweli, nikamjibu nitasema kesho, na hiyo kesho ilipofika Yemma aliniuliza kama gari la Ijumaa lina nafasi ya kunyoosha miguu. Nikasema ipo.

Jumatano alasiri alirudi kutoka chemchemini, akakaa kizingitini kuvua viatu. Kule wanawake hawakuwa na mazungumzo mengine ila safari, kwa hiyo nilijua ameshasikia. Nikasubiri anigombeze.

"Kuskusi yako nimeitia mvuke mara mbili," akasema. "Kesho isije ikakukaukia."

"Yemma, mimi..."

"Chukua na shali yangu. Juu kuna upepo."

Nilitaka kumwambia siendi. Sikumwambia, kwa sababu bado nilitaka kwenda.

Asubuhi, garini, bibi mmoja wa mtaa wetu, Na Zahwa, alikuwa amenishikia kiti.

"Kaa hapa, mwanangu. Mama yako jana katueleza yote. Eti umembembeleza wee, mpaka ukalia, na yeye ndiye aliyekataa kwa ajili ya magoti. Mungu akujalie mtoto wa kukupenda hivyo."

Gari zima likaitikia amina. Juher akageukia dirishani.

Walikuwa wananitazama, wananingoja. Nikaitikia na mimi.