Wa Mbele Akionyesha

Kaka yangu alikuja na gari kumchukua baba, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba gari hilo litarudi mjini tupu.

Sikumficha. Nilimwambia pale pale uani, hata glasi ya maji hajaimaliza. "Baba haendi popote. Ila kwa kuwa umesafiri, kesho tunakwenda naye mtoni. Boti mpaka juu, halafu kayaki mpaka mto unapogawanyika. Akiweza kupiga kasia mpaka pale, anabaki hapa nyumbani. Akishindwa, mpakie uende naye."

Kaka akacheka. "Dada, yaani umepanga mechi na wewe mwenyewe ndiye refa?"

"Na filimbi ninayo," nikamjibu.

Ndivyo nilivyo, mtanisamehe. Kazi yangu ni kuongoza watalii kwenye delta, na mtu anayeongoza watu wazima waliokalia plastiki katikati ya maji yenye viboko hana muda wa kubembeleza. Baba ndiye aliyeianzisha kazi hii na kunifundisha. Mwaka jana kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, ulimi ukabaki nyuma. Akili yake ni nzima kabisa. Anasikia, anaelewa, anakasirika panapostahili. Lakini akitaka kusema, inatoka sauti moja nzito, kama ya mtu anayeongea na mswaki mdomoni. Watu hawamwelewi. Mimi namwelewa. Angalau hivyo ndivyo nilivyomwambia kila aliyeingia kwetu, tena kwa kujidai: mkalimani wa baba ni mimi.

Jioni hiyo, mezani, kaka alieleza mambo yake. Anaishi kwenye ghorofa lenye lifti. Chumba cha baba kiko tayari. Na kwenye hospitali ya karibu yupo mtaalamu anayewafundisha waliopata kiharusi kusema upya, herufi kwa herufi.

"Baba, wewe unasemaje?" akamalizia.

Baba akavuta pumzi. Ile sauti ikatoka, na mkono ukainuka kidogo.

"Anasema hataki," nikasema. "Anasema mjini kuna kelele, na lifti haiamini."

"Yote hayo kwenye sauti moja?" mume wangu akauliza.

Nikampa jicho, akarudi kwenye sahani yake. Baba akaweka kiganja juu ya meza, akatuangalia mmoja mmoja, akajaribu tena.

"Amechoka," nikafasiri. "Anataka kulala."

Basi akaenda kulala. Angefanya nini?

Asubuhi tulipanda mto pamoja na maji yanayojaa. Mume wangu alishika usukani wa boti, kayaki mbili zikifuata nyuma kwa kamba: moja ya watu wawili, yangu na baba, na nyingine ya mtu mmoja, ya kaka. Baba alikaa mbele kabisa, jaketi lake la kuelea limefungwa mpaka kidevuni, uso umeuelekea upepo. Nilimwangalia nikajisemea moyoni, huyu mtu ukimtoa hapa umemuua.

Delta yetu ni mto mmoja uliogombana na wenyewe. Unafika karibu na bahari, unagawanyika mikono mingi, na kila mkono una tabia yake. Huu una kina, ule una tope. Huu leo unapitika, mwezi ujao umeziba. Mikoko imesimama pande zote kwa mizizi yake mirefu, na ukiitazama mizizi hiyo unauona mstari wa matope unaokuonyesha maji yamefika wapi na yatashukia wapi. Tuliwapita wanawake waliozama kwenye tope mpaka mapajani, wakiokota chaza na kusutana kwa sauti kubwa habari za harusi ya mtu. Tulimpita mvuvi wa kaa na fimbo yake yenye ndoano, mkono mzima umeingia shimoni, uso umekunjamana kwa mawazo. Yangeyange weupe walisimama kwenye kingo kila mmoja na lake, hakuna anayemsalimia mwenzake.

Kwenye kona ya nyumba za nguzo tulikutana na Mama Duka, ambaye duka lake ni mtumbwi: sabuni, chumvi, kandambili, vocha za simu. Alipomwona baba akaacha kupiga kasia.

"Mzee! Mbona waliniambia umeshakufa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kujibu. Baba akachukua kasia lake kutoka sakafuni, akaliinua wima juu ya kichwa.

Mama Duka akapiga makofi. "Haya, nimekusikia! Hongera!"

Nikaufunga mdomo. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Hapa lazima nieleze ishara zetu. Injini hupiga kelele, upepo hubeba maneno, na viboko hawapendi watu wanaoitana. Kwa hiyo kwenye kazi yetu anayetangulia husema kwa kasia. Akiliinua wima: njia ni safi, njooni. Akililaza juu ya kichwa kwa mikono miwili: simameni. Akilielekeza upande: tunapita huku. Ni hayo matatu tu, na juu yake kuna sheria kuu moja ambayo baba aliitunga na kuisimamia kwa ukali: wa mbele akionyesha, wa nyuma hajadili. Wa mbele ndiye anayeona. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtu wa mwisho kujadili alikuwa kaka, enzi za ujana wake. Aliona njia ya mkato ambayo baba ameikataa, akaipita, akakaa juu ya tope na wageni wake juani mpaka maji yaliporudi jioni. Ndiyo maana leo ni mhasibu.

Kule juu, maji yaliposimama kabla ya kuanza kupwa, tuliingia kwenye kayaki. Kaka alinyoosha mkono amshike baba kiunoni. Nikamzuia kwa macho. Baba akakaa kwenye ukingo wa boti, akatangulia mguu ule mzuri, akavuta ule mwingine, akateremka kitini taratibu, akatulia. Kayaki ikayumba kidogo tu. Kaka alipoingia kwenye yake nusura ainywe delta yote.

"Mtaka cha mvunguni, kaka," nikamwambia.

"Nimeinama, dada, nimeinama! Tatizo ni kunyooka!"

Tukaanza kushuka na maji. Nilikuwa nimepanga kupiga kasia kwa nguvu za watu wawili kutoka kiti cha nyuma ili mtu asigundue kama baba hapigi, siwadanganyi. Haikuhitajika. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfupi wa mwendo kuliko wa kushoto, lakini alilijua hilo, akageuza kiuno kidogo kulifidia. Kasia liliingia majini bila kurusha hata tone. Baada ya kona ya pili ni mimi niliyekuwa nikimfuata. Palipokuwa na gogo alilielekeza kasia kushoto, tukapita kushoto. Viboko walipotoa masikio mbele yetu alililaza juu ya kichwa, na sote tukasimama: mimi, kaka, hata mume wangu nyuma kwenye boti akazima injini. Tukangoja. Viboko wakazama, wakaibukia mbali. Kasia likasimama wima, tukapita. Tangu augue sikuwahi kumwona baba akiamrisha watu, na watu wakatii bila kunitazama mimi kwanza.

"Unaona?" nikampigia kaka kelele kwa furaha. "Huyu ndiye unayetaka kumpandisha lifti!"

Kaka alikuwa akihangaika na kasia lake, jasho linamtiririka. Nikajua nimeshinda. Niliuonja ushindi kabisa, mtamu.

Tulifika mto unapogawanyika maji yakiwa yamepungua kiasi. Mkono wa kushoto unakwenda kwetu, kwenye gati letu dogo la mbao, nyuma yake jiko langu na chakula nilichokiacha kimefunikwa. Mkono wa kulia unakwenda kwenye gati kubwa la barabarani, ambako kaka aliacha gari, kwa sababu gari haliwezi kufika nyumbani.

Baba alielekeza kasia kulia.

Nilidhani ameona kitu. Nikanyoosha shingo nikautazama mkono wa kushoto kama ninavyoutazama kila siku. Maji tele. Hakuna kiboko, hakuna gogo, mstari wa matope uko pale pale nilipoutarajia. Njia nyeupe mpaka nyumbani.

"Kushoto, baba," nikasema. "Nyumbani ni kushoto. Umeweza. Umeshabaki."

Akalilaza kasia juu ya kichwa kwa mikono miwili. Simama.

Nikasimama. Kayaki ikaanza kuzungushwa polepole na mkondo. Akalishusha, akalielekeza tena kulia, akalinyoosha mpaka bega likatetemeka, akalishikilia hapo.

Damu ilinipanda, siwafichi. Nilitaka kubisha. Niliyeketi nyuma nilikuwa mimi, na kayaki huongozwa na wa nyuma. Ningechovya kasia upande mmoja mara mbili tu, tungekuwa tunaelekea nyumbani, na yeye asingekuwa na la kufanya. Ningewaambia baadaye kwamba alichanganyikiwa kidogo, jua lilikuwa kali. Wangeniamini. Wameniamini mwaka mzima.

Ndipo nikakumbuka ile sauti moja mezani, na ule mkono ulioinuka kidogo. Mkono gani? Ulioinuka ulikuwa wa kulia, ule mgonjwa, ule unaomgharimu kuuinua. Na mimi nikasema haiamini lifti. Mungu wangu, baba hajawahi kuiona lifti hata moja, ataachaje kuiamini?

"Dada," kaka akaniita kwa sauti ya chini, kayaki yake imenigusa ubavuni. "Ameonyesha."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wa nyuma hajadili." Nikachovya kasia, nikaigeuza kayaki kulia.

Mkono ule wa kulia ni mpana na hauna mizunguko, lakini siku hiyo niliuona mrefu kuliko yote niliyowahi kupita. Nilipiga kasia nikilia, na nilishukuru kwamba wa mbele hageuki nyuma. Hiyo nayo ni sheria yake.

Kwenye gati kubwa alitoka kwenye kayaki mwenyewe. Hakumpa mtu mkono. Alilisimamisha kasia, akaliegemea kama bakora, akatembea mpaka kwenye gari la kaka na kusimama mlangoni, maji yakimchuruzika kwenye suruali. Mume wangu alikuwa ameshafunga boti. Tukamzunguka sote watatu.

"Baba," nikasema, "unaniacha?"

Akanitazama kwa upole sana. Ile sauti ikatoka. Na mimi, kwa mazoea mabaya, nikavuta pumzi ili nifasiri.

Kasia likalala hewani baina yetu. Simama.

Nikafunga mdomo. Akafumba macho. Midomo yake ikatafuta mahali pa kuanzia, ikakosa, ikarudi. Mshipa ulimsimama shingoni. Kaka alitaka kumsaidia neno, nikamkanyaga mguu.

"Ku," akasema baba. Akapumzika. "Ku. Se." Akapumzika tena, muda mrefu mno. "Ma."

"Kusema," akanong'ona kaka.

Baba akatikisa kichwa kukubali, akauelekeza mkono kwenye gari, kwenye barabara, huko mjini kwa mtaalamu wa herufi kwa herufi. Halafu akanigusa shavu kwa kile kiganja kigumu, akapangusa kilichokuwa pale. Nilikuwa nimempigania mwaka mzima abaki karibu na mto, na mwaka mzima yeye alikuwa akinililia apewe ulimi wake. Sikumpa nafasi hata ya silabi tatu.

"Jaketi lake la baridi liko nyumbani," nikamwambia kaka, kwa kuwa ilibidi niseme kitu. "Na hanywi chai yenye sukari nyingi, msije mkamharibu. Na akiongea, msimkatize. Yeyote atakayemkatiza nitamfuata huko huko kwenye ghorofa lenu."

"Dada, mwenye kumkatiza tunamjua," akasema kaka, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilicheka kwa utani wake.

Baba alikataa kuliacha kasia. Lilikuwa refu, halikuenea ndani ya gari. Ikabidi kioo kishushwe, nusu yake ibaki nje. Kaka akaondoka pole pole kama anayesafirisha mayai. Tulibaki tumesimama kwenye gati, mimi na mume wangu, tukiangalia vumbi.

Walipofika pale barabara inapopinda, mkono ukatoka dirishani, ule wa kulia, na kasia likainuka. Lilipepesuka, likainama, nikadhani linaanguka. Likasimama wima kabisa, likakaa hivyo mpaka gari likapotea.

Mume wangu akanigeukia, kama wanavyonigeukia wote nyumbani kwetu. "Amesema nini?"

"Amesema mwenyewe," nikamjibu. "Washa injini. Jumamosi tunaenda kumwona."