Anayemjibia Dada

Msusi akishashika kichwa cha mteja, mikono yake si yake tena. Imejaa mafuta, vidole vimebana nywele, na simu inalia kwenye rafu chini ya kioo. Ndiyo maana ile siku ya kwanza alimwambia mdogo wake, aliyekuwa pembeni akichambua nywele za bandia, amjibie fundi wa friji kwamba dada ana mteja, wataongea baadaye. Ombi dogo tu. Mdogo mtu akajibu, akatia na chumvi kidogo, fundi akacheka kwa maandishi, na kuanzia hapo mdogo mtu hakungoja tena kutumwa.

Huyo fundi alikuwa mchumba wa msusi. Mkarimu, mchapakazi, lakini mdomo mzito ajabu. Alikuwa akija saluni jioni, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anauliza habari za kazi, kisha anakodolea macho feni. Msusi naye, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa maneno laini. Amesimama tangu asubuhi, miguu inawaka moto, hana hamu ya kumbembeleza mtu. Lakini fundi akishaondoka tu, simu ilianza kulia, na mle ndani mtu yule yule alikuwa na vituko, ana hadithi, anataka kujua mpenzi wake amekula nini na nani kamuudhi. Vijana wa siku hizi ndivyo walivyo: wakikaa meza moja kila mtu anatazama kucha zake, wakitengana wanafunguka kama bomba.

Mwanzoni msusi aliona raha. Mapenzi yanakwenda na kazi inakwenda. Kisha akaanza kumwangalia mdogo wake kwenye kioo. Binti anacheka peke yake, anauma mdomo, anaandika, anafuta, anaandika tena. Siku moja msusi alimvuta mteja nywele mpaka yule mama akamshika mkono na kumuuliza ana ugomvi gani na kichwa chake.

Jioni hiyo alisoma maandishi yote kwenye simu. Yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomuuma. Alijikuta akichekea utani wa mdogo wake. Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Na amwonee wivu nani hasa? Mchumba hakuwa na kosa, alikuwa anamwandikia yeye.

"Si wewe ulinituma, dada?" mdogo mtu alijitetea kwa sauti ndogo.

Msusi akamnyang'anya ufagio, akafagia sakafu iliyokwishafagiliwa.

Kilichomaliza kabisa uvumilivu wake ni neno la fundi mwenyewe. Alimwambia, tena kwa nia njema, kwamba kwenye simu yeye ni mtamu sana, ila wakionana hajui anakuwaje.

Jumapili msusi akaamua kumpigania mtu wake ana kwa ana. Alimuaga mdogo wake kwamba anakwenda kununua mafuta ya nywele, maana hakutaka hata ajue. Simu aliiacha nyumbani kwenye chaji makusudi, ili leo waongee kwa midomo kama watu. Wakakaa mgahawani, juisi mbili mezani, akaanza. Alimsimulia habari za mteja aliyesinzia kitini akaamka na mtindo aliouagiza jirani yake. Fundi alitabasamu kwa adabu, akasema kumbe. Akamuuliza kuhusu friji iliyomsumbua wiki nzima. Imepona, fundi akasema. Msusi akajikaza, akaanza upya. Fundi jasho lilimtoka. Alikuwa na neno, ilionekana wazi. Linafika mdomoni, linarudi. Mwisho akatoa simu mfukoni, akaandika.

"Unamwandikia nani?" msusi akauliza.

"Wewe. Nisamehe, la maana sijui kulisema hivihivi."

Akamgeuzia simu aone. Ujumbe ulikuwa umeshakwenda: nataka nije kwa wazazi wako, utanikubali?

Moyo wa msusi uliruka. Jibu la ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kabla halijatoka, simu ya fundi ikatoa mlio.

Fundi akasoma. Uso wake wote ukafunguka, kwa tabasamu ambalo msusi hakuwahi kuliona kwenye kile kiti cha plastiki. Kisha akainua macho, akaona mikono ya mchumba wake yote miwili imeshika glasi.

"Simu yako iko wapi?"

"Nyumbani."

Msusi alijua huo ndio wakati wa kueleza, wa kuomba radhi, wa kuitoa ile ndiyo yake kwa mdomo wake. Wivu ukamtangulia.

"Amesemaje?" akauliza.

Fundi alikuwa anausoma ule ujumbe mara ya pili, polepole, na tabasamu lilikuwa bado halijamtoka.