Chupa ya Udongo wa Nyanda

Nyanda hakuuliza kitu alipomwona binti yake, Jenipher, akichota udongo ukingoni mwa shamba na kuutia katika chupa tupu ya maji. Lakini aliposikia kwamba mwalimu wa Jiografia ameagiza kila mwanafunzi wa shule ya Msowero alete udongo wa kwao, chupa ikiwa na jina la mwenye shamba, aliliweka jembe chini. Kule Kanda ya Ziwa alikotoka, vijana wapole walipita vivyo hivyo wakitia udongo katika vifuko vyao. Haukupita muda, shamba la baba yake likawa mgodi wa dhahabu wa watu wengine.

Asubuhi alisimama mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Irine.

"Marahaba. Nimeufuata udongo wangu."

Darasa likacheka. Chupa zilipangwa dirishani, kila moja na plasta yenye jina. Akaliona lake.

"Majina ya nini?"

"Tupate kulinganisha, mzee. Tunatikisa, tunaacha utulie, tunaona matabaka yanavyojipanga. Mashapo hayo yakigandamizwa kwa miaka mingi sana, huwa mwamba."

"Mkishalinganisha, anapelekewa nani?"

"Hapelekewi mtu. Itikise mwenyewe."

Akaitikisa. Mchanga ukazama, tope likaufuata taratibu. Jua la dirishani likapenya chupani, na Nyanda akaona kitu kikimetameta.

"Na hiki mbona hamkukisema?"

"Baba, jamani," Jenipher alinong'ona, uso kauinamisha mezani.

"Mzee, dhahabu ikioshwa kwenye karai hukaa wapi?" mwalimu aliuliza.

"Chini kabisa. Ni nzito."

"Na hivi vinavyong'aa viko wapi?"

Nyanda akainama. Vile vilivyong'aa vilitanda juu ya tope, vyepesi kama magamba ya dagaa.

"Huo ni ulanga, vigamba vya mawe vinavyong'aa," mwalimu alisema. "Umemomonyoka kutoka kwenye miamba ya milimani."

Nyanda akashusha pumzi. Dhahabu haikuwamo, macho yake mwenyewe yalishuhudia. Akaikwapua chupa, akafika mlangoni, akageuka.

"Mwalimu. Huo ulanga, nani anaununua?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alichelewa kidogo kujibu, na kule kuchelewa kulimtosha Nyanda.

Aliporudi shambani aliumimina udongo katika kishimo kilekile alichochimba Jenipher, akaushindilia kwa kisigino. Kisha akabandua plasta yenye jina lake, na jioni akamrudishia binti chupa tupu.

"Kesho chota wa barabarani," akasema. "Ule hauna mwenyewe."