Piano Iliyofungwa Mnyororo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye ukumbi wa meli ni kwamba piano ilikuwa imefungwa mnyororo mguuni, kama mbuzi mtoro. Wenzetu waliokuwa wakiingia walitazama taa, mazulia na madirisha makubwa. Mimi nilitazama mnyororo. Ulitoka kwenye mguu wa piano ukashikizwa kwenye pete ya chuma sakafuni. Mhudumu aliyetupokea aliponiona nimeganda pale akaeleza kwamba bahari ikichafuka, piano isiyofungwa hutembea yenyewe, na ikishaanza kutembea haichagui wa kumkanyaga. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Akamwambia kama mnyororo mwingine upo, amfunge na mjukuu wake, maana naye akiona watu hukimbia.

Safari ile ilikuwa ya Bibi. Aliishinda kwenye bahati nasibu ya sabuni, yeye ambaye hajawahi kushinda hata mabishano na jirani. Mama alisema ni utapeli. Binamu yangu, ambaye tunamwita Spika kwa sababu ya mdomo wake, alisema si utapeli hata kidogo, akaanza kupanga nguo kwenye begi. Tiketi ilikuwa ya watu wawili, na Spika hakuwa na shaka wa pili ni nani. Bibi aliponinyooshea kidole mimi, Spika alitoa nguo zake moja moja, huku akiuliza inakuwaje mtu apelekwe baharini wakati hata kusalimia anaazima sauti. Bibi akamjibu kwamba anakwenda kupumzika, na masikio yake pia yanakwenda kupumzika.

Bibi ni fundi cherehani. Wateja humwita Bi Mkasi. Chumba chetu cha kazi kina mashine mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na pazia la kijani linalotenganisha kazi na vitanda. Mimi niliachia shule darasa la tano, mama alipougua na wadogo zangu wakahitaji mtu wa kuwaangalia. Tangu hapo natia vifungo, nakunja pindo, napiga pasi. Kazi yangu ikiisha naingia nyuma ya pazia napiga kinanda.

Ni kinanda kidogo cha umeme kilichoachwa na mpangaji aliyehama. Kibonye kimoja cha katikati kimekufa. Ukikibonyeza ni sawa na kubonyeza meza. Nilijifunza mwenyewe kwa kusikiliza, kwa hiyo nyimbo zangu zote zina shimo pale penye kibonye hicho. Shimo hilo lilimkera Bibi. Akaanza kulijaza: kila nikifika hapo, yeye upande wa pili wa pazia hugonga meza kwa mkasi, ko, kisha anaendelea kukata kitambaa. Tumezoea hivyo, na wateja nao wamezoea. Wengi wao hudhani ni redio. Kuna wakati mteja akiwa anapimwa kiuno husema, Bi Mkasi, hebu ongeza sauti kidogo, na mimi huongeza.

Siku ya pili baharini, tukiwa tunakula mchana, mhudumu alipita mezani akitangaza kwamba kesho alasiri ni zamu ya abiria. Mwenye kuimba aimbe, mwenye kuchekesha achekeshe. Bibi hakungoja hata kumeza. Akamwambia mjukuu wake atapiga piano. Kijiko changu kilibaki hewani.

Tulipofika chumbani nilimwambia siwezi. Alikuwa amekaa kitandani akivua viatu. Alisema yeye hajawahi kuniomba kitu, jambo ambalo si kweli, maana huniomba uzi kutwa nzima. Lakini hiki aliniomba kwa sauti nyingine.

"Miaka yote nakusikia nikiwa nimekupa mgongo," alisema. "Mara mashine inanguruma, mara mtu anataka suruali yake. Sijawahi kukaa nikakusikiliza. Nataka mara moja tu, nikae kwenye kiti kizuri, mikono yangu haina kazi, nikusikilize mwanzo mpaka mwisho."

"Mbele ya watu wote wale, Bibi?"

"Watu gani? Hata hatuwajui. Ukiharibu, tunashuka melini, wao wanaenda kwao na sisi kwetu."

Nilitazama miguu yake iliyovimba kwa kukanyaga cherehani, nikashindwa kukataa moja kwa moja. Nikasema labda ningeweza kama ningekuwa nyuma ya pazia. Nilidhani nimejiokoa kwa ujanja, kwa sababu piano ilikuwa kwenye jukwaa mbele ya ukumbi, wazi kwa kila jicho, na mnyororo ule usingeiachia kwenda popote. Nilisahau nazungumza na fundi. Bibi alisukuma viatu chini ya kitanda, kisha akaniuliza kama nimeona jinsi vitambaa vya meza vya meli hii vilivyo vipana.

Asubuhi alimwandama mhudumu mpaka akapewa vitambaa vinne vyeupe vilivyotoka kufuliwa. Sindano na uzi alikuwa navyo. Kuna watu hawasafiri bila dawa zao; Bibi hasafiri bila sindano. Tulipanda juu ya meli kwenye viti vya kuota jua, wenzetu wakijipaka mafuta, sisi tukiunganisha vitambaa kwa mishono mirefu ili viweze kufumuliwa baadaye bila kuharibika. Mama mmoja aliyevaa miwani mikubwa ya jua alituuliza kama tumeajiriwa melini. Bibi akamwambia hapana, tuko likizo. Yule mama akaitazama sindano, akatutazama sisi, akasema likizo yetu ina bidii. Nilicheka nikajichoma kidole.

Aliyetusaidia kutundika pazia kwenye chuma kilichopita juu ya jukwaa alikuwa mpiga piano wa meli, mwanaume mrefu mwenye tai ya kipepeo. Aliuliza mara moja tu pazia ni la nini. Bibi akamjibu kwamba mjukuu wake ni mtu wa pazia, na yeye akaitikia kana kwamba hilo ni jambo la kawaida kabisa. Alasiri ukumbi ulipojaa, aliingia nyuma ya pazia pamoja nami, akanionyesha kanyagio la kurefusha sauti, akanirekebishia kiti, kisha akachuchumaa pembeni ili asinizuie mikono.

Nilianza polepole. Vibonye vya piano vilikuwa vizito kuliko nilivyozoea, na sauti ilikuwa kubwa. Nyumbani sauti yangu hutoka kwenye kispika kilichopasuka. Hapa ilitoka chini ya vidole vyangu ikapita kifuani kwanza, ndipo ikaenda kwa watu. Nikafika kwenye shimo. Kidole changu kiliruka kama kawaida yake, ingawa kibonye kile kilikuwa kizima, kimekaa pale kinangoja. Halafu, kutoka mbele kabisa, nikasikia ko. Bibi alikuwa amegonga meza kwa kijiko.

Mara ya pili ko yake ilipata wenzake. Nilisikia glasi, nikasikia kiganja cha mtu. Wimbo ulipozunguka tena ukumbi mzima uligonga pamoja, na vikombe vikatikisika kwenye visahani. Nami nikaanza kuwachokoza. Nikachelewa kidogo kufika kwenye shimo, wakagonga kabla ya wakati, wakajicheka wenyewe. Nikawahi, wakaachwa nyuma. Nyuma ya pazia nilikuwa nacheka meno yote nje, bila mtu wa kuniona isipokuwa yule mwenye tai, ambaye naye alikuwa akigonga sakafu.

Nilipomaliza, makofi yalilipuka. Mwenye tai alitoka nyuma ya pazia ili awaambie nani alikuwa akipiga, lakini hakupewa nafasi. Watu walimwona anatoka wakasimama. Mzee mmoja alimpigapiga begani akisema leo amejitahidi kuliko siku zote. Alitikisa kichwa, akasema si yeye, na wao wakaona ni unyenyekevu, wakazidi kumpigia makofi. Nilimsikia Bibi akimwambia sifa hizo zina mwenyewe. Naye akamjibu, kama mtu anayekaribia kulia, kwamba anajua, mama, ndiyo anachojaribu kuwaambia.

Nilidhani ningefurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nikitaka siku zote, au hivyo ndivyo nilivyojua: watu wasikie, mimi wasinione. Nyumbani redio iliposifiwa sikuumia. Lakini nikiwa pale kwenye kiti, nikitazama kivuli cha mwenye tai kikishikwa mkono na huyu na yule, nilijiona kama mtoto aliyenyang'anywa kitu chake mkononi. Yangu, nilijisemea. Makofi yale ni yangu. Nikasimama, nikashika ukingo wa pazia, nikatoka.

Hakuna aliyeshtuka. Yule mama wa miwani alidhani nimekuja kukusanya vitambaa. Aliniambia kwa upole nisivitoe kwanza, labda wimbo utarudiwa.

Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi, lakini sauti haikutoka. Basi nikafanya kile ninachokifanya kila asubuhi tunapofungua kazi: nikalivuta pazia lote mpaka mwisho wa chuma. Nikakaa kwenye kiti, piano ikiwa wazi na mnyororo wake, mgongo wangu ukiwa wazi na jasho lake, nikaanza wimbo ule ule. Nilipofika kwenye shimo, ukumbi mzima ukagonga. Niligeuka kidogo. Yule mama alikuwa amevua miwani.

Mwenye tai alikuja akainama, akaninong'oneza kwamba kibonye ninachokiruka hakina ubovu wowote, nijaribu. Nikajaribu. Sauti ilitoka, nzuri, ngeni, kama jino jipya mdomoni. Watu wakachanganyikiwa, vijiko vikabaki juu. Bibi akainuka kutoka kwenye kiti chake kizuri.

"Hapo pangu," alisema. "Usinichukulie nafasi yangu."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, na mimi nikamrudishia nafasi yake. Alikuwa ameomba akae mikono ikiwa haina kazi, na mkono mmoja haukupumzika hata kidogo. Lakini hakunipa mgongo. Kila nilipogeuka nilimkuta ananitazama, mdomo wazi kidogo, kama anapopitisha uzi kwenye tundu la sindano na hataki mtu amsemeshe.

Watu walipokwisha kutoka tulikaa kwenye ngazi ya jukwaa tukifumua pazia ili vitambaa virudi mezani kabla ya chakula cha jioni. Mhudumu alikuja akauliza kama nitapiga na kesho, maana abiria wanaulizia. Mimi nilikuwa nimeinama nikivuta uzi. Bibi akamwambia hapana. Alimwomba mjukuu wake mara moja tu, na mara moja imetimia. Mtoto huyu hapendi watu, na yeye si wa kumtesa likizoni. Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayetimiza ahadi, na mhudumu akashukuru, akaanza kuondoka.

Nilimtazama akipita kati ya meza. Alipita ya kwanza, akapita ya pili. Bibi alikuwa akiukunja uzi kwenye kidole, ameridhika. Nikamshika mkono.

"Muite arudi," nilimwambia.

"Kuna nini?"

"Bibi, mimi napenda watu wakinisikiliza. Napenda sana. Nimependa siku zote."